Koko anasahau: je, ni jua anakosa?

Bengamisa, eneo la Banalia, jimbo la Tshopo. – Jua la huku halilipishwi. Ukitoka Kisangani, ukavuka mto Tshopo na kufuata barabara ya Banalia na Buta kilomita 50 hivi, unafika Bengamisa, karibu sana na ikweta. Mwezi wa kwanza ao mwezi wa saba, saa sita ya mchana jua liko juu ya kichwa karibu namna moja. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba wazee wanaweza kukosa vitamini D, ile vitamini ambayo mwili unaitengeneza kwa msaada wa jua, atacheka: nani anakosa jua huku kwetu?

Lakini swali linastahili jibu, juu katika familia nyingi kuna mzee anayeanza kusahau. Anauliza jambo moja mara tano. Anaacha pondu kwenye moto mpaka inaungua. Anatoka kwenda shambani na kupotea kwenye njia aliyoipita miaka 40. Na pale inapoanza, watu wanagawanyika. Kuna wanaosema: ni uzee tu, mwacheni. Kuna wanaokimbilia farmasi kutafuta vidonge vya kurudisha akili. Na kuna wengine, hapo ndipo hatari iko, wanaosema koko ni ndoki.

Tueleze basi kile watafiti wanajua hadi leo kuhusu vitamini D na kumbukumbu ya wazee, kile hawajathibitisha, na kile familia ya Bengamisa, Banalia ao Kisangani inaweza kufanya bila kupoteza franka bure.

Vitamini inayotoka kwa jua

Vitamini nyingi tunazipata kwa chakula. Vitamini D ni tofauti kidogo. Mwangaza wa jua ukipiga ngozi, aina moja ya mafuta iliyo ndani ya ngozi inageuka. Damu inaipeleka kwenye ini, na ini linaigeuza tena. Halafu figo zinaigeuza mara ya mwisho, na hapo ndipo inaanza kazi. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuusaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwa chakula na kujenga mifupa. Mtoto anayeikosa sana, miguu yake inapinda. Mtu mzima anayeikosa, mifupa inalainika, misuli inalegea, na kuanguka kunakuwa rahisi.

Kwa nini basi tunazungumza juu ya akili? Kwa sababu watafiti walikuta kwamba chembe za ubongo nazo zina milango ya kupokea vitamini D, hata katika ile sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Kama mlango uko, wakajiuliza, bila shaka kuna kinachoingia na kufanya kazi.

Kuna mambo mawili yanayofanya wazee wetu waangaliwe kwa namna ya pekee. La kwanza ni umri. Mwaka 1985, watafiti wawili wa Marekani, MacLaughlin na Holick, walilinganisha ngozi za watu wa miaka 8 na miaka 18, na ngozi za wazee wa miaka 77 na miaka 82. Kwa mwangaza ule ule, ngozi za wazee zilitengeneza chini ya nusu ya kile cha vijana. La pili ni rangi. Ngozi nyeusi ni mwavuli mzuri, inatukinga na kuungua, lakini mwavuli huo huo unachelewesha utengenezaji wa vitamini D. Mtu mweusi anahitaji kukaa kwenye jua muda mrefu kuliko mzungu ili kupata kiasi kile kile.

Watafiti walikuta nini

Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya wazee 1,658 wa Marekani. Mwanzoni wote walikuwa na akili timamu. Walipimwa damu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 5 na nusu hivi. Katika muda huo, 171 kati yao walipata demansia, ndiyo ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake. Wale waliokuwa na vitamini D ya chini sana kwenye damu, hatari yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wale waliokuwa nayo ya kutosha.

Mwaka uliofuata, 2015, kundi la Chuo Kikuu cha California kule Davis lilitoa habari ya wazee 382, wastani wao miaka 75, kati yao wazungu, Wamarekani weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kusini. Zaidi ya nusu walikuwa chini ya kiasi kinachotakiwa, na weusi walikuwa na kidogo kuliko wazungu. Wale waliokuwa na kidogo walikuwa wanapoteza haraka zaidi kumbukumbu ya mambo yaliyotokea karibuni na uwezo wa kupanga mambo.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walipima vitamini D ndani ya ubongo wenyewe, kwa watu 290 waliokubali kutoa ubongo wao baada ya kufa. Wale waliokuwa na vitamini D nyingi kwenye ubongo, akili yao ilikuwa imefanya kazi vizuri zaidi mbele ya kufa. Lakini vitamini hiyo haikuonyesha uhusiano na yale mabaki ya ugonjwa wa Alzheimer yanayojikusanya ndani ya ubongo. Kwa maneno mengine: kuna kitu, lakini namna kinavyofanya kazi haijaeleweka.

Nani alitangulia?

Hapa tusimame kidogo, juu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kukuta vitu viwili pamoja si kusema kimoja kimezaa kingine.

Fikiria mzee aliyeanza kusahau. Ameacha kwenda shambani kwa sababu anapotea. Watoto wanaogopa atatoka barabarani agongwe na pikipiki, kwa hiyo wanamfungia ndani. Hali chakula kizuri tena, anasahau kula. Ukimpima damu, utakuta vitamini D iko chini. Je, alisahau kwa sababu alikosa jua, ao alikosa jua kwa sababu alisahau? Kipimo cha damu peke yake hakiwezi kukujibu.

Njia ya kujua ni kuchukua watu wengi, nusu wapewe vidonge vya vitamini D, nusu wapewe vidonge visivyo na kitu, bila mtu kujua amepata vipi, kisha kungoja. Kazi hiyo ilifanyika. Marekani, katika uchunguzi mkubwa unaoitwa VITAL, watu walipewa unite 2,000 za vitamini D kila siku. Zaidi ya 4,000 kati yao, wenye miaka 60 na kuendelea, walipimwa kumbukumbu kwa miaka 2 mpaka 3. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa jumla, waliomeza vitamini na wasiomeza walisahau sawasawa. Ulaya, uchunguzi wa DO-HEALTH uliohusu wazee zaidi ya 2,100 wa miaka 70 na kuendelea ulifika mahali pale pale mwaka 2020.

Kuna mstari mmoja katika matokeo ya VITAL ambao sisi hatuwezi kuuruka. Kwa wazee weusi, wale ambao kwa kawaida vitamini yao iko chini, ilionekana kama vidonge vilisaidia kidogo. Watafiti wenyewe walisema ni dalili tu, inahitaji kuthibitishwa. Lakini inaelekea upande wa akili ya kawaida: maji yanamsaidia mwenye kiu, si yule ambaye amekwisha kunywa.

Ndiyo maana mwaka 2024, tume ya wataalamu ya gazeti la waganga linaloitwa The Lancet ilipotaja mambo 14 ambayo yakirekebishwa yanaweza kuzuia ao kuchelewesha karibu nusu ya demansia duniani, vitamini D haikuwemo. Yaliyotajwa ni kama tansio ya juu, ugonjwa wa sukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, tumbako, pombe nyingi, kupigwa kichwani, kukosa masomo utotoni na kubaki peke yako bila watu.

Na kwetu Afrika?

Mwaka 2020, watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, pamoja na wenzao, walikusanya hesabu za watu zaidi ya 21,000 kutoka nchi 23 za Afrika. Mtu 1 kati ya 3 alikuwa chini ya nanomoli 50 kwa litri, kipimo ambacho wengi wanakichukua kuwa mpaka wa kutosha. Wanawake walikuwa na kidogo kuliko wanaume, na watu wa mjini walikuwa na kidogo kuliko watu wa vijijini. Kumbe bara la jua nalo lina watu wanaokosa vitamini ya jua.

Lakini sikiliza na upande mwingine. Mwaka 2012, huko Tanzania, Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya asili, nje tangu asubuhi mpaka jioni, walipimwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115, zaidi ya mara mbili ya ule mpaka. Ngozi yao ni nyeusi, na jua lao ni jua la Afrika kama letu.

Ukiweka habari hizo mbili pamoja, jibu linaonekana. Kuwa na jua juu ya paa la nyumba haitoshi. Jua lazima likutane na ngozi. Mama wa Bengamisa anayelima mihogo, anayekwenda mtoni na kuuza sokoni barabarani, yeye kila siku anakutana nalo. Anayekosa ni yule koko ambaye tangu alipoanguka, ao macho yake yalipokufa, ao alipoanza kusahau, anakaa kwenye chumba chenye dirisha dogo. Anakosa pia yule mzee aliyepelekwa mjini Kisangani kwa mtoto wake, anayeishi nyuma ya ukuta na kutoka siku ya Mungu tu.

Jua, chakula na vidonge

Tuanze na jua. Jua la alfajiri linapendeza mwilini, lakini halitengenezi vitamini D nyingi. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linafaa kwa kazi hiyo. Mpe koko kiti nje, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi, siku kadhaa kwa juma, kisha mrudishe kivulini kabla hajachoka. Muweke maji karibu, juu mzee hasikii kiu haraka na joto linaweza kumwangusha. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii kwa jambo hili. Na mtu mwenye ualbino asiambiwe hata kidogo kuota jua: kwake jua ni hatari ya kansa ya ngozi. Yeye atafute vitamini kwa chakula ao kwa muganga.

Upande wa chakula, vitamini D inapatikana zaidi kwa samaki wenye mafuta, sardini za kopo zikiwemo. Kiini cha yai kina kidogo, ini nalo kidogo. Uyoga ukianikwa juani unaitengeneza, kama vile ngozi yetu inavyofanya. Pondu ni chakula kizuri, mafuta ya ngazi yana vitamini A kwa wingi, lakini kwa vitamini D havitasaidia.

Sasa vidonge. Muganga anaweza kumwandikia mzee asiyetoka nje, aliyevunjika mfupa, ao mwenye ugonjwa wa figo ao wa ini. Mwaka 2024, chama cha waganga wa homoni cha Marekani kilishauri watu wa miaka 75 na zaidi wapewe vitamini D kwa ajili ya kurefusha maisha, na kikasema hakuna haja ya kumpima damu kila mtu mzima asiye na tatizo. Kwa hiyo usiuze mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho. Na usimeze ovyo: vitamini D haitoki kwa mkojo haraka kama vitamini zingine, inajikusanya kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi sana inapandisha kalsiamu kwenye damu. Dalili zake ni kiu, kutapika, choo kigumu, mawe kwenye figo na, sikiliza vizuri, akili kuchanganyikiwa. Unaweza kununua dawa ya kusahau na kumletea koko kuchanganyikiwa.

Mbele ya kulaumu jua

Mzee akisahau, kuna mambo mengine ya kuangalia kwanza, na mengine yana dawa.

Kama amebadilika kwa siku mbili tatu tu, jana alikuwa sawa na leo hajui aliko, hiyo si demansia. Inaweza kuwa malaria, maambukizo ya mkojo, nimonia, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, ao dawa alizopewa. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Kama mdomo umepinda ao mkono umelegea, inaweza kuwa damu imekosa njia ao imevuja kwenye ubongo. Hapo saa moja ni nyingi.

Kama amebadilika polepole, omba apimwe tansio na sukari. Aangaliwe masikio: mara nyingi anayedaiwa kusahau hakusikia kabisa ulichosema. Aangaliwe macho. Mwambie muganga kama alikuwa anakunywa pombe kali kwa miaka, kama alianguka na kugonga kichwa, kama amefiwa na hajazungumza tangu siku ile. Huzuni nzito inaweza kufanana na kusahau. Na katika jimbo letu, mzee anayelala mchana, anakesha usiku na kubadilika tabia, afikiriwe pia ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o. Una dawa, na dawa ya vidonge iko tangu mwaka 2018.

Kupima kumbukumbu bila kalamu

Wazee wengi hawakusoma, na vipimo vingi vya kumbukumbu vinadai kuandika na kuhesabu. Wilaya ya Hai, kule Tanzania chini ya Kilimanjaro, watafiti walitengeneza njia inayofaa vijijini. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni nini. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anapanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano. Anaambiwa maneno kumi na baadaye anaombwa kuyakumbuka. Hakuna kalamu. Katika wilaya hiyo hiyo, kati ya karibu wazee 1,200 wa miaka 70 na zaidi waliochunguzwa, 6 kwa 100 hivi walikuwa na demansia. Ni ugonjwa wa vijijini pia, si wa wazungu wala wa mjini.

Maswali kama haya si ya kumtega koko mbele ya wajukuu ili wacheke. Ni kazi ya muganga aliyefundishwa. Lakini familia inaweza kufanya jambo moja la maana: kuandika kwenye daftari kile kilichobadilika na lini kilianza, na kulipeleka hilo daftari kwenye kituo cha afya.

Si ndoki

Tumalize na lile lililo zito. Mtu mwenye demansia anatembea usiku. Anaongea na waliokufa. Anaficha vitu na kusema wameiba. Anaweza kutoka bila nguo, ao kukana mtoto wake wa kumzaa. Anayejua ugonjwa anaona ugonjwa. Asiyejua anaona ndoki, na mara nyingi mashitaka yanaangukia mama mzee, mjane, asiye na wa kumtetea. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake walioshitakiwa ulozi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Tshopo nayo haina kinga ya mambo hayo.

Mtu anaposema: "Huyu koko beko na kula batoto usiku", yule anayesikia ana dakika chache za kujibu. Jibu linaweza kuwa rahisi: "Koko anagonjwa kichwa. Kesho tunamupeleka kwa muganga." Maneno hayo yakitoka kwa mtoto mkubwa wa familia, kwa mkuu wa kijiji, kwa katekista ao kwa pasta, yanaweza kuokoa maisha kuliko kidonge chochote.

Demansia yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Mzee anayetolewa nje, akakaa na watu kwenye paillote, akaulizwa habari za zamani, akapewa mboga achambue, akala samaki wake na kunywa maji yake, anapata jua, anapata watu, na anapata kazi ya mikono. Hatujui kwa uhakika ni kiasi gani cha akili jua litamhifadhia. Ila mifupa yake itakuwa na nguvu zaidi, atakuwa na watu karibu naye, na kila mpita njia ataona kwamba koko huyu ana wenyewe.